Somo la Alhamisi

Mama yangu hakuwahi kusikia habari redioni akaiacha ipite hivi hivi. Lori la mafuta likianguka barabara ya Mombasa na watu wakakimbia na mitungi kuteka petroli, wengine wetu tuliona ajali. Yeye aliwaona wale wanawali wapumbavu waliopungukiwa na mafuta, ila safari hii, alisema, wameenda kuyatafuta mahali pabaya. Bei ya unga ikipanda, alikuwa na la kusema kuhusu mana ya jangwani. Hata waheshimiwa wakitupiana maneno bungeni, mama aliwatafutia nafasi katika kitabu cha Waamuzi, na sidhani kama aliwaonea.

Wala hakutegemea redio peke yake. Tulipokuwa tukitwanga muthokoi, mahindi yale tunayoyatoa ganda kwenye kinu kabla ya kuyapika na maharagwe, alituambia kwamba ganda halitoki kwa kubembelezwa, na ndivyo Mungu anavyotufanyia sisi. Nilikuwa msichana mdogo, viganja vimeota malengelenge, nikatamani Mungu angepata mfano mwingine.

Kanisa letu liko karibu na soko la Tulia, upande wa Kitui. Kina mama hukutana huko kila Alhamisi alasiri, na miaka ya karibuni walianzisha desturi waliyoiita habari na somo. Kila wiki mmoja wao, kwa zamu, anasimama na habari aliyoisikia, anaieleza, kisha anatoa funzo la imani. Wengine walileta habari ya mbuzi wa jirani aliyekula mboga. Mama alileta habari za taifa. Zamu yake ikifika, hata waliokuwa na ndengu za kupura waliziacha uwanjani wakaja kumsikiliza.

Mimi niliolewa upande wa Makueni, na nina hoteli ndogo Malili, kando ya barabara kuu. Nauza chai, chapati, maharagwe, na nyama siku ya soko. Kila mara mama alipotoa somo alinipigia simu jioni yake akanirudishia lote, tangu habari mpaka amina, huku chapati zikiungua. Nilimsikiliza. Nampenda mama, lakini nisiseme uongo: masomo yake yalikuwa na meno, na mara nyingi meno hayo yaliuma watu ambao hawakuwepo kujitetea.

Basi pombe mbaya ikaua watu huko milima ya Kilungu. Mimi nilizisikia habari hizo kabla ya redio, kwa kuwa watu wa Kilungu wakishuka barabarani hupita kwangu kunywa chai. Walisema kinywaji kilichanganywa na dawa fulani isiyojulikana. Baadhi ya wanaume walikufa siku hiyo hiyo. Wengine waliamka wakauliza mbona taa haijawashwa, na jua lilikuwa utosini.

Wiki hiyo zamu ilikuwa ya mama. Alisimama mbele ya wenzake akauliza swali moja: mtu akichagua chupa akaacha watoto wake, akafa ameikumbatia, kwaya inasumbuliwa ya nini? Tumwimbie aende mahali ambako mwenyewe hakutaka kwenda? Wanawake wakapiga makofi. Somo likatoka pale likaenda kwa wazee wa kanisa, na katika kikao cha wazee mama alikuwa na kiti, kwa kuwa ndiye aliyekuwa kiongozi wa kina mama. Wakapitisha kwamba yeyote atakayekufa kwa pombe, mwili wake hautaingizwa kanisani. Pasta hatasimama kaburini. Kina mama hawatavaa vitambaa vyeupe vya kichwa, ambavyo kwetu vikionekana kwenye msiba watu wanajua kanisa limefika. Na nyimbo za kanisa hazitaimbwa. Yakasomwa yote Jumapili, kwenye matangazo, kati ya harambee ya mabati na ubatizo.

Mama aliniambia kwa simu kwamba mkono wake ndio uliotangulia kuinuka.

"Mwaitu," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, "na yule wetu?"

Nilisikia kuku wake nyuma.

"Yule wetu ndiye nimemwekea hiyo sheria," akasema. "Akiogopa, ataacha."

Yule wetu alikuwa ndugu yangu, kitinda mimba. Alikuwa fundi wa mawe, na nasema hivi si kwa sababu ni ndugu yangu, alikuwa fundi hasa. Ngazi za kanisa letu zimejengwa naye. Kabla hajaanza kunywa alikuwa akiimba besi kwenye kwaya, sauti nzito isiyofanana na mwili wake mwembamba. Sijui ni lini hasa alianza. Watu hutaka niseme ni mke kuondoka, au ukame ule uliomaliza ng'ombe, na pengine ni hayo. Mimi ninachojua ni kwamba nilienda nyumbani Krismasi moja nikakuta mikono yake inatetemeka, na yeye akaificha mifukoni.

Kanisa likamweka chini ya nidhamu. Kwetu, aliye chini ya nidhamu hukaa benchi ya nyuma kabisa, karibu na mlango, na meza ya Bwana ikipitishwa inamruka. Wengi wakiwekwa hapo hawarudi tena. Nani anataka kukaa kila Jumapili mahali ambapo watoto wanamwangalia? Yeye alirudi. Alikuja amekunywa, alikuja hajanywa, alikuja na shati limefungwa vifungo kombo, akapanda ngazi alizozijenga mwenyewe akakaa benchi ile ya nyuma. Miaka kadhaa. Mama alikuwa mbele, mstari wa kwanza, na hakugeuka nyuma hata siku moja.

Sheria iliposomwa alikuwa amekaa hapo hapo. Nilimuuliza baadaye kama ilimtisha. Alicheka. Akaniambia alimfuata mama hadi jikoni siku hiyo na kumtania.

"Nilimwambia, Mwaitu, siku hiyo utaimba tu. Wewe huwezi kunyamaza."

"Naye akasema nini?"

"Akanirushia mwiko."

Haikupita muda mrefu, kijana mmoja wa Tulia akafa. Huyu hakuuawa na sumu. Ilikuwa pombe ya kila siku, ini likachoka. Mama yake ni mjane, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, na alikuwa mmoja wa wale waliopiga makofi ile Alhamisi. Alikuja kwa mama kuomba angalau wimbo mmoja. Mama akamwambia sheria ni sheria, tukiivunja mara ya kwanza itakuwa karatasi tu. Kijana akazikwa kimya. Tangu siku hiyo mjane yule hakukanyaga tena Alhamisi, na akikutana na mama njiani alimsalimia vizuri, akapita.

Asubuhi habari zilipokuja nilikuwa nakanda unga. Redio ilikuwa juu ya kabati la vikombe. Msomaji akasema watu kadhaa wamefariki karibu na soko moja la Kitui baada ya kunywa pombe inayoshukiwa kuwa na sumu, na wengine wamepoteza uwezo wa kuona. Hakutaja Tulia. Mteja mmoja, dereva wa lori la simiti, akasonya.

"Si wapungue tu. Mungu naye hufagia."

Ningeweza kumjibu, lakini nilijua mahali ambapo nimeshawahi kusikia maneno ya aina hiyo, na kwa sauti ya nani. Niliendelea kukanda. Ndipo simu ikalia na jirani yetu wa nyumbani akaniambia nije, bila kusema kwa nini. Mtu akikwambia njoo bila kusema kwa nini, umeshajua.

Kulikuwa na mfanyabiashara wa mifugo kutoka Garissa, Mwislamu, mteja wangu wa siku nyingi, ambaye alikuwa amekwisha shusha mbuzi wake na sasa anarudi na lori tupu. Aliniona nikifungua aproni.

"Panda, mama," akasema. "Leo narudi kwa njia ya Kitui."

Njiani redio yake ilifika tena kwenye habari. Msomaji alipoanza tu kutaja pombe, yule mzee alinyoosha mkono akaizima. Hakuniuliza aliyekufa ni nani wala alikunywa nini. Alisema pole, akasoma dua fupi kwa lugha yake, halafu akaendesha. Nimesikiliza mahubiri mengi maishani mwangu, na bado namkumbuka yule mzee na kile kitufe cha redio.

Nyumbani nilikuta viti vimeshapangwa uani. Mwili ulikuwa mochari Kitui mjini. Mama alikuwa ameketi jikoni akichambua maharagwe ya wageni, amenyooka mgongo, na hakulia nilipomkumbatia. Aliniuliza kama nimekula.

Siku iliyofuata nikamwendea pasta. Ni kijana, mpole, ana watoto wadogo, na siku hiyo nilimchukia. Nilimkuta nje ya kanisa, nikasimama kwenye ngazi zile makusudi.

"Dada, mimi sikuandika hiyo sheria," akasema. "Nilihamishiwa hapa nikaikuta."

"Na umeiona ni nzuri?"

Akaangalia chini. "Mama akikuja mwenyewe aombe, wazee watakaa chini. Wanamheshimu. Hawawezi kumkatalia."

Kwa hiyo ilikuwa rahisi. Neno moja kutoka kwa mama, na ndugu yangu angezikwa kama Mkristo, na pasta kichwani pake na kwaya yake ya zamani. Nikarudi nyumbani karibu nikimbie.

Mama alisema hapana.

Nilidhani hajanielewa, nikarudia. Akasema amenisikia mara ya kwanza. Akaelekeza kidole ng'ambo ya korongo, kwenye nyumba ya yule mjane, ambako moshi ulikuwa ukitoka.

"Yule alizika kimya. Alikuja hapa, akakaa hapo ulipokaa, akaniomba. Nikamkatalia. Sasa mimi niimbiwe?"

"Mwaitu, yaliyopita yamepita."

"Hayajapita. Kaburi lake si liko pale?"

Nikakasirika. Mimi hasira zangu ziko karibu, kila mtu Malili anajua. Nikamwambia yeye na habari zake, amefanya vifo vya watu kuwa vitafunio vya Alhamisi. Nikamkumbusha kwamba hata Bwana Yesu aliletewa habari. Walikuja kumwambia kuhusu Wagalilaya waliouawa na Pilato, wakingoja somo, naye akawakumbusha wale walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Akawauliza kama wanadhani hao walikuwa wabaya kuliko wengine wote wa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe, akasema sivyo.

"Endelea," mama akasema, bila kuinua macho kwenye ungo. "Usiishie hapo. Alisema nini mbele?"

"Alisema msipotubu, nyinyi nyote mtaangamia vivyo hivyo."

"Ehe."

"Nyote, Mwaitu. Alikuwa anaambia wale waliokuja na habari. Hakuwa anaambia waliofukiwa na mawe."

Mikono yake ikasimama juu ya maharagwe. Nilidhani nimeshinda, na kwa kweli nilifurahi kidogo, kama mtu anavyofurahi akishinda mzazi. Ndipo akaniambia kile ambacho hakuwa amemwambia mtu.

Ndugu yangu alirudi nyumbani asubuhi ya siku aliyokufa akishikashika ua. Ua wetu ni wa minyaa, ile mimea ya kijani isiyo na majani, na kila mtu wa kwetu anajua kwamba ukiivunja inatoa utomvu mweupe ambao ukiingia machoni unaunguza kama pilipili na kukutia kiza siku nzima. Mama alimkuta kwenye lango, viganja vyake vyeupe kwa utomvu, macho mekundu.

"Nikamuuliza, umefanya nini? Akasema, ni minyaa, Mwaitu. Minyaa imeniingia kwa macho."

Basi mama akafanya kile tunachofanya. Akamketisha kivulini, akakamua mbuzi, akamwosha macho kwa maziwa. Akamwosha tena. Akamfunga kitambaa chenye maji baridi, akamwambia atulie, itaisha, akaenda kuwafungulia mbuzi. Alikuwa amenusa pombe, lakini pombe aliinusa kila siku. Aliporudi alimkuta amelala kwenye mkeka, akafikiri ni usingizi mzuri, akamwacha apumzike. Jua lilipopanda ndipo alipoona anavyopumua. Gari lilipopatikana, safari haikufika.

"Wenzake walipelekwa hospitali mapema," akasema mama. "Wengine wamepona. Wa kwangu nilikuwa namwosha na maziwa."

"Hukujua."

"Hakuniambia. Alijua vizuri ni nini, alisikia ya Kilungu kama mimi. Angesema tu, Mwaitu, nimekunywa, ningebeba yeye mgongoni." Akashika ungo kwa mikono miwili. "Aliniogopa mimi. Hakuogopa kufa. Aliogopa mimi na ile sheria yangu, akanidanganya ni minyaa."

Nikakaa chini kwenye kigoda tukachambua maharagwe yaliyobaki. Nililia mimi. Yeye aliendelea kutoa vijiwe.

Kaburi la mshirika huchimbwa na vijana wa kanisa. Siku ya mazishi hakuna kijana wa kanisa aliyekuja na jembe. Waliokuja, tena jua halijawa kali, ni wale aliokuwa akinywa nao, waliobaki. Walikuja wameoga. Mmoja wao alikuwa ametoka hospitali siku hiyo hiyo na alikuwa akiongozwa kwa kushikwa kiwiko, kwa maana alikuwa haoni isipokuwa mwanga na kivuli. Ardhi yetu ni changarawe na mwamba, inataka mtaimbo kabla ya jembe, na walipokezana bila kelele. Yule asiyeona walimpa kazi ya kusukuma udongo nyuma, akiupapasa kwanza kwa koleo kujua ulipo.

Walipomwona mama walivua kofia. "Shikamoo, mwalimu," wakasema.

Nilikuwa nimesahau. Mama alifundisha shule ya Jumapili kwa miaka mingi kabla ya kuwa kiongozi wa kina mama, na wanaume wote wale walikuwa wamepita mikononi mwake. Aliwajua kwa majina yao ya utotoni. Akawaitikia mmoja mmoja, akaagiza wapelekewe chai.

Kina mama wa Alhamisi walikuja pia, kwa ujirani, maana hakuna sheria inayokataza ujirani. Walifunga leso za kawaida na wakasimama kando ya ua wa minyaa, mbali kidogo na kaburi. Pasta alisimama barabarani, nje ya mpaka wa shamba letu, Biblia kwapani, imefungwa. Mjane wa ng'ambo ya korongo alikuja peke yake. Hakusimama na wenzake. Alipita katikati ya watu mpaka kwenye viti vya wafiwa, akaketi karibu na mama, na hawakusalimiana.

Mjomba alisema maneno machache kuhusu ufundi wa marehemu, akakwama. Jeneza likashushwa. Kwetu hapo ndipo wimbo huanza, wakati kamba zinapolegea, na wimbo huo ndio unaofunika sauti ya udongo wa kwanza. Hapakuwa na wimbo, na udongo wetu una mawe. Kila koleo lilisikika kwenye mbao. Nilifungua mdomo mimi niimbe, niwakomoe wote, lakini nikatanguliwa.

Yule mwanamume asiyeona ndiye aliyeanza. Alikuwa ameegemea koleo lake. Wimbo alioanza haukuwa wa mazishi; ulikuwa ule wimbo mdogo wa Kikamba ambao mama aliwafundisha watoto wote wa Tulia, wa mchungaji aliyepotelewa na kondoo mmoja. Nadhani ndio pekee uliomjia. Wenzake wakaupokea, sauti zimekwaruzika, wanaume wazima wenye videvu vya mvi, na wakauimba kama walivyofundishwa, na vitendo vyake. Kwenye ubeti wa kwanza unahesabu kondoo kwa kidole. Kwenye ubeti wa pili unaweka kiganja juu ya macho, unageuza kichwa huku na huku, unatafuta. Yule asiyeona alifanya hivyo pia. Aliweka kiganja juu ya macho yake akageuza kichwa huku na huku.

Niliwatazama wanawake pale kwenye ua wa minyaa. Mmoja alikuwa analia ndani ya leso. Hakuna aliyeimba. Nikamgeukia mama. Midomo yake ilikuwa imebanwa mpaka imekuwa myeupe, na mikono yake imeshikana mapajani, na alikaa hivyo mpaka kaburi likajaa. Nilimwambia Mungu moyoni kwamba ugumu kama huu sitausamehe, na sikujua kama nilikuwa namsema mama au Yeye.

Sikurudi Malili mara moja. Alhamisi ikafika, na zamu ilikuwa ya mwanamke mwingine, lakini mama akatuma ujumbe kwamba anaomba asimame yeye. Mama pasta, mkewe yule pasta, akajibu kwa upole kwamba hakuna haraka, apumzike kwanza. Mama akavaa viatu.

Hakufunga kitambaa cheupe. Alijifunga leso ya jikoni, akashuka korongo na mimi nyuma yake, akapanda upande wa pili mpaka kwa mjane. Alisimama mlangoni. Sikusikia walichosemezana, kilikuwa kifupi. Wakatoka wote wawili, tukaenda kanisani polepole, kwa sababu magoti ya mama hayapendi ule mlima. Kwenye ngazi alisimama akazitazama, akapanda.

Wanawake walikuwa wameshafika, wote na vitambaa vyao, na mstari wa mbele walikuwa wamemwachia nafasi yake. Mama hakwenda mbele. Aliketi benchi ya nyuma, karibu na mlango, na mjane akaketi naye, nami nikaketi mwisho. Benchi hiyo ni fupi na mguu wake mmoja unacheza. Sikuwa nimewahi kuikalia.

Waliomba, kisha mama pasta akasema tumsikilize mama yetu. Mama akasimama pale pale alipokuwa, kwa hiyo wote wakalazimika kugeuka nyuma.

"Habari yangu mmeisikia kwa redio," akasema. "Watu wa hapa wamekufa na pombe. Mmoja alikuwa wangu. Na mbele yake kulikuwa na wa huyu." Akaweka mkono kwenye bega la mjane. "Wake hakutangazwa."

Tukangoja. Miaka yote hiyo, baada ya habari kulikuja somo, na masikio yetu yalikuwa yamezoea. Mama alisimama tu. Ilikuwa vigumu kumtazama. Mwishowe mama pasta, ambaye ni mtu mzuri na hapendi kimya, akainuka mbele.

"Asante, mama. Basi hapa tunajifunza kwamba..."

"Keti," mama akasema.

Akaketi.

"Hakuna somo hapa. Nimelitafuta tangu siku hiyo. Mimi sina somo."

Nilidhani atakaa chini. Badala yake akaanza kuimba, ule wimbo wa kondoo, kwa sauti ya kizee iliyopanda ikavunjika mahali penye noti ya juu. Alikuwa amesema ukweli, yule ndugu yangu. Mama aliimba tu, hakuweza kunyamaza. Ila mwanawe alikuwa ameshafukiwa. Wanawake walitazamana, nadhani wakijiuliza kama sheria inakataza hili au hapana, na mjane ndiye aliyempokea kwanza, kisha mimi. Wengine sijui waliimba au la, sikuwa nawaangalia. Mama alihesabu kondoo kwa kidole kama alivyotufundisha. Alipofika ubeti wa kutafuta aliweka kiganja juu ya macho, na wimbo ukaendelea mpaka ukaisha, na hakukishusha.